Hangari Iliyotolewa Mahari

Hangari ya Papa Zawadi ilinuka kahawa iliyosahauliwa. Kabla ya vita palikuwa ghala la magunia yaliyongoja kushushwa ziwani, na ingawa kahawa yenyewe ilikwisha kuondoka zamani, harufu yake ilikataa kuhama. Ilikaa kwenye mbao, kwenye vumbi, kwenye nyufa za sakafu, ikachanganyika na harufu ya sambaza, wale dagaa wetu wa Kivu, waliokuwa wakianikwa nje ya ukuta, na mkojo wa panya ambao hakuna aliyeweza kuwashawishi watoke. Kiangazi mabati yalishika moto mpaka yakawa yanalia yenyewe juu ya vichwa vyetu. Chini yake tulikuwa sisi watoto, makwapa yanatiririka, na mbele yetu mama yangu amesimama, futi yake ya ushonaji shingoni, anapiga makofi na kusema, "Turudie." Nimejifunza lugha kadhaa maishani, na katika zote hakuna neno linalonichosha kama hilo.

Watu wa Kamembe, mji wetu upande wa Rwanda, walimwita Maman Teyatri, na jina hilo lilifunika jina lake la ubatizo hata padri akalitumia. Alianza akiwa msichana wa shule, akichezesha watoto wa parokia michezo ya kuigiza siku za Noeli, na tangu hapo hakuacha. Aliolewa, hakuacha. Alizaa, hakuacha. Vita vilikuja vikapita juu yetu, ndugu wakafa, wengine wakavuka maji wasirudi, na alipopata tena nafasi ya kutulia mahali pamoja, kitu cha kwanza alichokusanya hakikuwa sufuria wala mikeka. Alikusanya watoto. Mchana alishona nguo za watu barazani kwetu. Jioni na Jumapili alikuwa mali ya watoto wa wenzake. Nasema wa wenzake kwa makusudi. Sisi wa tumboni mwake tulikula viporo na kuvaa sketi zisizo na upindo, maana upindo ulikuwa unangoja mpaka mchezo upite, na mchezo mmoja ukipita mwingine ulikuwa mlangoni unabisha hodi.

Tena alikuwa na imani moja iliyotutesa nyumbani: kwamba kwenye mchezo kila kitu kiwe cha kweli. Mtoto akipika jukwaani, sufuria iwe sufuria na ndani yake maharage. Mzee akiumwa, blanketi liwe blanketi, na blanketi hilo lilikuwa la bibi yangu, lililotoka kitandani kwake asubuhi na kurudi limejaa vumbi la kahawa. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji huko bondeni Bugarama, akirudi nyumbani Jumamosi nyusi zake nyeupe kwa vumbi, na mara nyingi neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Maman Solange, pantalo yangu ya misa iko wapi?" Solange ni mimi. Suruali ilikuwa imevaliwa na mtoto wa jirani, aliyekuwa burugumesta, mkuu wa wilaya, kwenye mchezo wa wiki hiyo. Ng'ombe haelemewi na nunduye, wanasema. Nundu tulikuwa sisi, na kwa kweli mama hakuelemewa hata kidogo. Tulioelemewa tulikuwa nundu.

Msimu ninaousimulia ulikuwa kiangazi cha likizo ndefu, miaka ile ambayo vita vyetu vilikuwa vimekwisha na vya ng'ambo vimepamba moto. Bukavu ya Kongo iko pale pale, unadhani ukinyoosha mkono utaigusa, na siku nyingine milio ya bunduki ilivuka maji ikatufikia tukiwa mazoezini. Mama alingoja mpaka ikatulia, kisha akalisema neno lake. Ndani ya hangari walikuwamo watoto waliorudi kutoka makambi ya Kongo, watoto ambao hawakuwahi kuondoka lakini hawakubakiwa na mtu, watoto wa wakulima walioshuka kutoka Nyakarenzo na kiazi kitamu mfukoni, na watoto wa Bukavu ambao mama zao walivuka daraja la Rusizi ya Kwanza kila asubuhi na mabeseni kichwani. Mama hakumuuliza yeyote ametoka wapi. Alimsimamisha ukutani kule mwisho, akamwambia aseme jina lake, akasikiliza kama sauti inafika.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa posa. Kwetu posa, tunayoiita gusaba, ni mchezo hata bila mama yangu kuutia mkono. Jamaa za bwana harusi hukaa upande mmoja, za bibi harusi upande wa pili, wanatazamana, na kila upande una msemaji wake anayekaa kiti cha mbele. Msemaji wa upande wa binti kazi yake ni kukataa: mmechelewa, hatuwajui, binti yetu amekwisha kuposwa, ng'ombe wenu ana ukurutu. Mwenzake wa upande wa pili kazi yake ni kuzimeza kejeli hizo na kuzirudisha kwa maneno matamu mpaka akubaliwe. Kila mtu anajua mwisho utakuwaje, na watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Lakini ahadi inayotolewa pale mbele ya wazee, ikafungwa kwa pombe ya ndizi inayonywewa kwa mirija kutoka kibuyu kimoja, hiyo si ya kuchekwa. Mtu akisema ametoa ng'ombe, ametoa.

Usemaji wa upande wa binti alipewa Nsimire, mtoto wa muuza sambaza kutoka Bukavu, mwenye umri wangu na mdomo wa watu watatu. Mimi, binti wa mwenye mchezo, nilipewa ng'ombe. Si ng'ombe mzima; miguu ya nyuma. Mama aliogopa kusemwa kwamba anampendelea mwanawe, na ili asisemwe akanifunika lile blanketi la bibi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama kiangazi kizima, uso umegota kwenye mgongo wa mwenzangu wa miguu ya mbele, nisipate cha mvunguni wala cha juu. Nikilalamika, mama aliniambia kwamba ng'ombe ndiye mtu mkubwa kuliko wote katika posa. Basi mbona Nsimire hakupewa huo ukubwa?

Sasa hangari. Papa Zawadi, mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza, alimwazima mama hangari hiyo bure wakati ambapo hakukuwa na cha kuweka ndani. Lakini biashara ilikuwa imeanza kufufuka, sukari na mchele vikivuka mpaka kwenda na kurudi, na mwanzoni mwa likizo alikuja akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Maman Teyatri, mi nakupenda sana, na batoto bako ni bazuri. Lakini sukari haiwezi lala inje. Mvua ikikuya, bitu byangu nitaweka wapi? Kwa kichwa?" Hakuwa mtu mbaya. Mkewe alimsihi, na mwisho wakakubaliana hivi: Jumapili ya mwisho ya likizo angekuja kuutazama mchezo kwa macho yake. Akiridhika, mama angebaki na hangari, na sukari ingetafutiwa pengine. Asiporidhika, tungetoka. Mama alijua maana ya kutoka. Mvua zetu za Septemba hazimsubiri mtu, na mtoto asiye na paa la kukimbilia baada ya shule hukimbilia darajani kubeba mizigo ya watu. Nilimsikia akihema juu ya cherehani yake kwa namna ambayo hakuhema hata siku za milio.

Mtu mwingine angefanyaje? Angetunga wimbo wenye jina la Papa Zawadi ndani yake. Kila mwenye akili alimshauri hivyo: jirani, katekista, hata bibi yangu kutoka chini ya shuka yake nyembamba. Angalau, walimwambia, punguza kejeli za wafanyabiashara. Mama alisema mchezo si barua ya kuomba kazi, na hakuondoa hata neno. Heshima pekee aliyomfanyia mwenye hangari ilikuwa kuazima kiti cha mikono kutoka parokiani na kukiweka mbele kabisa, upande wa bwana harusi, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na nguzo iliyoziba macho. Hakuwaza zaidi ya nguzo. Nimemuuliza mara nyingi, nami namwamini, maana mama yangu hajawahi kuwa mjanja hata kwa bahati mbaya.

Jumapili ikafika, na watu wakajaa, waliotoka misani, waliotoka sokoni, na Waislamu wachache wa Bugarama waliokuja kwa ajili ya baba. Walikaa pande mbili kama wanavyokaa kwenye posa ya kweli. Mimi nilikuwa chini ya blanketi, kwa hiyo nayasimulia niliyoyasikia. Nilimsikia Nsimire akisimama, kisha sauti yake: "Banasema munaleta ng'ombe. Ni hii? Mbele inaenda Bukavu, nyuma inabakia Kamembe. Sisi hatuozeshake mutoto juu ya ng'ombe yenye haijui kwabo." Watu wakavunjika mbavu, na nyuma, yaani mimi, ikaona haya. Ikawa zamu ya msemaji wa upande wa bwana harusi, mvulana mwenye sauti nzuri na moyo mdogo. Yeye aligeuka, akamwona Papa Zawadi kwenye kiti cha mikono, akasahau kila kitu alichorudia tangu likizo ianze. Nikasikia mabati yanalia. Nikasikia mama anamnong'oneza mstari wake, na mvulana hajibu.

Jambo ambalo mama alipaswa kulikumbuka, na ambalo kila mtu mwingine mle ndani alilijua, ni kwamba Papa Zawadi ndiye aliyekuwa msemaji wa posa kuanzia Kamembe hadi Bugarama. Hakuna familia yenye uwezo iliyokwenda kuomba binti bila yeye. Mtu wa aina hiyo ukimkalisha kiti cha mbele upande wa bwana harusi, akausikia upande wake unatukanwa na hakuna anayejibu, hawezi kukaa, kama vile mpiga ngoma hawezi kukaa umempa ngoma magotini. Nilisikia kiti kikilia. Nilisikia akikohoa kikohozi cha wasemaji. "Baba zangu, mama zangu, mupige makofi kwanza!" Makofi yakapigwa. Akamsifu ng'ombe, mbele na nyuma, kwa maneno ambayo sijawahi kusifiwa nayo tena na mwanamume yeyote. Nsimire hakurudi nyuma. Alikuwa amekutana na mtu wa kiwango chake. Walijibizana, hadhira ikipiga vigelegele, mpaka Nsimire akatoa mkuki wake wa mwisho: "Ng'ombe tumeona. Na mutoto wetu atalala wapi? Tunasikia kwenu bantu banalalaka juu ya magunia."

Watu walipiga kelele, maana kila mmoja aliyajua magunia hayo. Papa Zawadi alingoja watulie, kama ajuavyo msemaji mzuri. "Nani anasema mi nakosa nyumba? Munaona hii hangari? Ukuta ni yangu, mabati ni yangu, mulango ni yangu. Kuanzia leo ni ya mutoto wenu. Nimeitoa, mbele ya bazee bote!" Na wazee, wale wazee wa kweli waliokaa mabenchi ya mbele, walipiga makofi yale ya polepole ambayo hayapigwi kwenye mchezo. Kibuyu kikaletwa. Kama angekuwa mwanamke mwingine, kibuyu kingekuwa na maji, na huenda mambo yangeishia hapo. Lakini kwa Maman Teyatri kila kitu ni cha kweli: ndani mlikuwa na pombe ya ndizi, nasi watoto tulikuwa tumeamriwa kugusa mirija kwa midomo tu. Papa Zawadi hakuwa ameamriwa. Alivuta. Mzee mmoja wa upande wa binti akainama, naye akavuta. Chini ya blanketi nilisikia mirija ikikoroma, na nikajua, mtoto mdogo kama nilivyokuwa, kwamba hangari ni yetu.

Wiki ile nilitembea Kamembe kama binti wa chifu. Sokoni wanawake walimsalimu mama kwa vigelegele. Wazee walimtembelea Papa Zawadi dukani mmoja baada ya mwingine, wakiulizia bei ya chumvi wasiyoihitaji, na kabla ya kutoka kila mmoja aliacha neno: ahadi ni deni. Alijaribu kucheka, akaona hakuna anayecheka naye. Ulimi hauna mfupa, lakini pombe aliivuta kwa mdomo huo huo. Alhamisi akaja kwetu na ufunguo. Sizushi, niliuona, ufunguo mrefu wenye kutu umefungwa kwa kipande cha kitenge. Alikaa kwenye benchi, akakataa chai. "Maman, batoto bako balinikamata. Neno nilisema. Sitaki bazee baniite muongo. Chukua."

Mama alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Papa Zawadi, ile ilikuwa muchezo."

"Pombe ilikuwa ya kweli."

"Pombe ndiyo. Maneno hapana. Wewe haukukuwa wewe pale, ulikuwa musemaji ya bwana harusi. Nikikufunga na maneno yenye ulisema kwa muchezo, kesho nani atafungua kinywa kwangu?" Akaukunja mkono wa mzee wa watu juu ya ufunguo wake, kama unavyomkunjia mtoto peremende, akarudi kwenye cherehani.

Nililia kwa hasira. Nilimwambia mbele ya mgeni kwamba amechanganyikiwa, nikafinywa kwa hilo, na ningefinywa tena leo kwa furaha. Mwanamke aliyekataa kibuyu cha maji, aliyetoa maharage yetu na blanketi la bibi kwa sababu jukwaani lazima kila kitu kiwe cha kweli, ndiye huyo huyo anasema maneno ni mchezo! Najua alichokuwa akikiogopa. Siku zile watu walikuwa wamejifunza kubana midomo. Kila nyumba, upande huu wa maji na ule, ilimjua mtu aliyeponzwa na neno moja lililosemwa mbele ya msikiaji mbaya, na kwa hiyo watu waliongea habari za mvua na bei ya maharage, basi. Hayo yote nayaelewa. Lakini hangari ililetwa mpaka mlangoni! Baba aliporudi Jumamosi nilimkimbilia njiani ili yeye amtie akili. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, kofia bado kichwani.

"Alikuletea ufunguo mpaka hapa?"

"Ndiyo."

"Na ukamurudishia?"

"Ndiyo."

Baba alivua kofia, akakung'uta saruji mlangoni, akauliza kama kuna chakula.

Yale mapatano ya kwanza, ya kuridhika au kutoridhika, mama hakuyadai wala Papa Zawadi hakuyataja tena, na sukari iliingia hangarini kabla mvua hazijaanza. Sisi tulihamia kiwanja cha nyuma ya kanisa, penye vumbi jekundu na mbuzi wa katekista waliokula majani tuliyopambia jukwaa. Mvua za kwanza zilitutawanya kama zilivyotabiriwa. Yule mvulana mwenye sauti nzuri alikwenda darajani kusukuma baiskeli za mizigo na hakurudi tena kwetu. Mama alikuwa akimwona pale, akimwita, naye akigeuza uso. Jambo hilo lilimuuma mama, na mimi nilitaka limuume. Kama kuna bei ya msimamo wake, mvulana yule aliilipa, wala hakuulizwa.

Lakini lazima niseme na la pili, ingawa linaniharibia hasira yangu. Habari ya ufunguo ilikuwa imezunguka mji mzima. Watu wazima ambao zamani walikuja kutazama tu, walianza kuomba kuingia. Jumapili moja mtoto aliyekuwa mama wa bibi harusi aliugua malaria, na mama akamwita Verediana, muuza parachichi wa kando ya barabara, akae mahali pake. Verediana alikuwa mjane. Yale mauaji ya vita vyetu yalimwachia yeye mwenyewe na nyumba tu, na tangu hapo hakuongea na mtu zaidi ya bei. Hata leo sijui kwa nini alikubali. Alikaa upande wa binti, kwenye kiti cha mama. Nami nilikuwa mahali pangu, nimeinama chini ya blanketi, naona ardhi tu na pindo la sufu.

Nsimire alianza kama kawaida: sisi wa upande huu, sisi wengi, sisi wenye binti. Ndipo sauti nyingine ikamkatiza, ya chini, isiyozoea kutoka. "Mi sina upande," Verediana alisema. "Hii biti yote ni ya nani? Benye bangeikalia bote balikufa. Ba shangazi balikufa. Ba kaka balikufa. Munakuya kuposa kwa nani?" Hakuna aliyemnong'oneza mstari. Nilidhani mama atapiga makofi na kusema turudie, lakini hakupiga. Kisha nikaona miguu. Kutoka upande wa bwana harusi ikaja miguu ya mwanamke, ndala ya kijani, ikapita mbele ya pua yangu kwenda upande wa Verediana. Ikafuata mingine, ya mabuti ya shamba, na mingine isiyo na viatu, na mingine ya viatu vya misa. Ilipita mingi. Nilisikia viti vya upande ule vinalia vinapokaliwa, kimoja kimoja, mpaka vikaisha, na waliokosa viti wakakaa chini. Miguu mingine niliitambua, na kwa kuwa nilijua ni ya ukoo gani, nilishangaa kuiona inavuka. Haijalishi ya nani.

Mchezo haukumalizika siku ile, maana upande wa bwana harusi ulibakiwa na mzee mmoja kiziwi. Mama aliwapa watu kibuyu wakanywa, wakaenda. Kesho yake Verediana aliuza parachichi kama kawaida. Nilipita pale kwa makusudi kusikiliza, na hakuna hata mmoja aliyemtajia jambo lile, si kwa wema wala kwa ubaya, si siku ile wala baadaye. Lilibaki kiwanjani, lilikosemwa.

Miaka imekwenda. Sasa nafanya kazi ya kupitisha mizigo ya watu forodhani, daraja la Rusizi ya Pili, na nina nyumba yenye paa zuri. Posa siku hizi hufanyika kumbini, viti vimevikwa vitambaa na kufungwa riboni, na wasemaji hukodishwa na kipaza sauti chao, wakirudia mzaha ule ule waliousema harusi ya juzi. Kila neno linarekodiwa kwa simu, na kabla keki haijakatwa limefika Kigali na Ubelgiji. Nani sasa angesahau nafsi yake akatoa hangari? Hangari yenyewe ni duka la magodoro. Papa Zawadi amekwisha kufariki na wanawe hawakumbuki. Na mama yangu, magoti yamevimba, mgongo umeinama, bado yuko kiwanja kile kile kila Jumapili na watoto wapya, na kabla ya kuanza anapitisha beseni la plastiki ambamo kila mtu lazima aweke simu yake. Watu wananung'unika, wanaweka.

Mwaka huu nilichoka. Mwanamke wa umri ule ananyeshewa, na mimi ndiye ninayemkanda miguu. Nikatafuta watu wa shirika moja, nikawalipia chakula cha mchana, nikawaeleza maisha yake yote mpaka wakatoa machozi, nao wakakubali kumjengea ukumbi: sakafu ya vigae, umeme, choo cha ndani. Sharti lao lilikuwa dogo. Walitaka kamera moja ukutani, wapate kuwaonyesha wafadhili wao kinachofanyika. Niliwaleta nyumbani mwenyewe. Mama aliwapokea vizuri, akawasikiliza, akauliza kamera itakuwa inatazama saa ngapi. Saa zote, walimjibu kwa fahari. Akawashukuru sana, akawamiminia chai nyingine, akakataa. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba mpaka wageni wakaondoka. Bahati imebisha kwake mara ya pili, naye amefungua mlango ili airudishe tena.

Jioni ile nilimwambia yote, kuanzia blanketi la bibi mpaka magoti yake. Nilimwambia kwamba amewapa watoto wa watu kila kitu na sisi akatupa hotuba. Alinisikiliza huku anachambua mchele kwenye ungo. Nilipomaliza alisema kwamba Jumapili amepungukiwa na mtu, mama wa bibi harusi amesafiri, je, naweza kuja? Hivyo tu. Nilimwambia siji. Jumapili nikaenda, na mwavuli, kwa sababu wingu lilikuwa limekaa juu ya Bukavu na nilijua yeye hatachukua.

Niliweka simu yangu kwenye beseni. Nikakaa kwenye kiti cha mama wa bibi harusi, mbele ya watu wanaonijua na wasionijua, na mtoto mmoja wa darasa la nne akaniuliza, kwa maneno ya mchezo, kama sisi wa upande huu tuna neno. Nilikuwa na neno. Nilisimama nikalisema lote, mama yangu amekaa hatua chache kutoka kwangu, anaangalia chini, na mvua inaanza kudondoka moja moja juu yetu sote. Niliyosema waliokuwapo waliyasikia, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza.